Daraja na Mpigaji wa Safu ya Mwisho

Kila kitu kina kipimo chake. Nafaka hupimwa kwa kibaba, nguo kwa wari, na safari kwa maili. Muziki wa shule nao umepewa kipimo, na kipimo hicho huitwa daraja. Katika mitihani ya muziki iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1889, ambayo watahiniwa wa Kenya nao huifanya, yapo madaraja 8. Katika Marekani, wachapishaji wa muziki wa okestra za shule huandika tarakimu juu ya jalada. Huanza na nusu, na kwisha na 5 au 6. Mwalimu mwenye watoto 30 walioshika fidla mwaka jana huiona tarakimu 1, huiamini, hununua, na kesho yake hugawa karatasi. Je, tarakimu ile imempa habari gani? Hilo ndilo swali la insha hii. Nakuomba, msomaji wangu, unifuate polepole hata ikiwa hujapata kushika upinde wa fidla maishani mwako.

Okestra ya nyuzi ina jamaa tano: fidla ya kwanza, fidla ya pili, viola, chelo na besi. Fidla si mgeni kwetu. Watu wa pwani wameisikia katika taarabu tangu zamani. Viola ni dada yake mkubwa mwenye sauti nzito zaidi, chelo huwekwa baina ya magoti, na besi humpita mpigaji wake kwa urefu. Kila moja ina nyuzi nne. Lakini nyuzi za fidla, viola na chelo zimepangwa kwa hatua ya sauti tano, na nyuzi za besi kwa hatua ya sauti nne. Jambo hili dogo latosha kukivuruga kipimo chote.

Tazama. Mwalimu achagua wimbo ulio katika ngazi ya D, kwa kuwa ndiyo rahisi. Mtoto wa fidla hupiga uzi wa D bila kuubana, kisha huweka vidole vitatu kimoja baada ya kingine. Hupiga uzi wa A mtupu, huweka vidole vitatu tena, na ngazi imekwisha. Mkono wake haukusogea mahali pake. Mwenziwe wa besi huanza vile vile na uzi mtupu wa D, hubana sauti mbili tu na mara hufika uzi wa G. Hubana mbili nyingine, na hapo hukwama. Ili aimalize ngazi lazima auteremshe mkono wake kando ya shingo ndefu ya chombo na kupapasa mahali asipopaona. Sasa geuza. Chagua ngazi ya C, ambayo mwanafunzi wa piano huijua kuwa nyepesi kuliko zote. Chelo huanza kwa raha katika uzi wake wa chini kabisa, na fidla ndiyo inayopata taabu, kwa sababu kidole cha pili lazima kirudi nyuma mahali ambapo hakijazoea kukaa. Wimbo ni mmoja, jalada ni moja, na tarakimu ni moja. Kazi ni mbalimbali. Mara nyingi daraja la kipande huwa ni daraja la fidla ya kwanza tu. Hao wengine wamesahauliwa.

Labda utasema kwamba hayo ni mambo ya vidole, nayo yawahusu walimu. Basi nikueleze jambo nililoliona.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kusikiliza tamasha katika shule moja ambayo sitaitaja. Okestra ilipiga kipande kilichopunguzwa kutoka katika simfoni mashuhuri, na juu ya jalada palikuwa pameandikwa daraja la 2. Niliketi ubavuni mwa ukumbi, si mbele, na kwa ajili hiyo nikaona jambo ambalo wazazi hawakuliona. Katika safu ya mwisho ya fidla ya pili, mvulana mmoja alikuwa akiupeleka upinde wake juu na chini sawasawa na wenziwe, uso wake umetulia, walakini upinde haukugusa uzi. Ulipita hewani, umbali wa upana wa kidole. Tangu mwanzo wa kipande hata mwisho wake hakutoa sauti hata moja. Watu wakapiga makofi, naye akasimama na kuinama pamoja na wengine.

Baadaye nilimkuta akiifuta fidla yake. Nilimwuliza kwa upole kwa nini alifanya vile.

"Nikigusa nitawaharibia, mwalimu," akanijibu. "Mistari miwili ya kwanza naiweza. Iliyobaki yaenda mbio."

"Na mwalimu wako ajua, mwanangu?"

"Ajua. Yeye ndiye aliyeniambia niupitishe juu."

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Nilipozungumza naye nilimwona kuwa mwema na mwenye haraka, aliyebanwa na tarehe ya tamasha. Lakini mtoto aliyekuja kujifunza kupiga alikuwa amefundishwa kujifanya apiga, na kosa hilo halikuanza siku ya tamasha. Lilianza siku kipande kilipochaguliwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jalada ni mlango. Anayechagua muziki kwa ajili ya wanaoanza yampasa aufungue, aipite kurasa ya fidla ya kwanza, na aanze kusoma karatasi ya mpigaji aliye dhaifu kuliko wote.

Akifanya hivyo atakutana na makosa ya namna mbili. La kwanza ni lile la tamasha nililolisimulia: kazi kubwa iliyopunguzwa. Sisemi kwamba kila iliyopunguzwa ni mbovu. Lahani ya furaha katika sehemu ya mwisho ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven, iliyosikiwa kwanza mwaka 1824, huenda hatua moja moja kama mtu apandaye ngazi, na sauti zake karibu zote hukaa chini ya vidole vya mtoto wa mwaka wa kwanza. Beethoven mwenyewe aliianzisha kwa chelo na besi peke yake, bila mapambo. Watoto wakiipiga kwa sauti moja haipotezi heshima yake. Lakini kazi ambayo uzuri wake ulikuwa katika mbio zake, au katika tarumbeta na ngoma, ikivuliwa hayo yote na kupigwa polepole na fidla 20, kilichobaki ni jina. Jina hilo wazazi walijua, na kwa ajili yake kipande kilinunuliwa.

Kosa la pili huonekana kuwa unyenyekevu, na kwa hiyo husamehewa upesi. Ni kipande chepesi kisicho na kitu ndani. Fidla ya kwanza imepewa kijiwimbo. Viola imepewa sauti moja ndefu, kisha nyingine, kisha ile ya kwanza tena, kutoka juu ya ukurasa hata chini. Mtoto wa viola huweza kuipiga karatasi hiyo siku ya kwanza, na muhula mzima hapati neno jipya. Daraja halioni dhara hapo. Kwa daraja, wepesi ni sifa. Walakini uchovu nao huwatoa watoto katika okestra kama vile ugumu uwatoavyo, tena kimyakimya, maana hakuna anayelia kwa kupewa kazi rahisi.

Yawezekana basi kuandika kitu chepesi ambacho si kitupu? Yawezekana, na wamefanya hivyo watu ambao hawakuhitaji kuandikia watoto ili wapate jina. Mwaka 1931 Béla Bartók wa Hungaria aliombwa na Erich Doflein, mwalimu wa fidla wa Ujerumani, naye akatunga vipande 44 vya fidla mbili, vilivyopangwa kutoka vyepesi hata vigumu. Karibu vyote vimejengwa juu ya nyimbo za watu wa vijijini: Wahungaria, Waromania, Waslovakia, na hata Waarabu wa Algeria, ambako Bartók alikwenda mwaka 1913 kuzikusanya nyimbo zao. Ukivifungua vile vya mwanzo utaona vidole vichache na mwendo wa taratibu, lakini fidla ya pili haikuachwa iwe mtumwa. Hujibu, hubisha, na mara huchukua lahani yenyewe.

Gustav Holst alifundisha katika shule ya wasichana ya St Paul's, London, tangu mwaka 1905 hata kufa kwake mwaka 1934. Mwaka 1933 aliitungia okestra ya wadogo wa shule hiyo kazi yenye sehemu tatu, akaiita Brook Green Suite kwa jina la mtaa ule. Alikuwa mgonjwa alipoiandika, na ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Husikii mahali popote katika kazi hiyo mtu mzima akiinama ili aseme na watoto.

Kwa upande mwingine, jihadhari na jina. Benjamin Britten, akiwa kijana wa miaka ishirini, aliandika kazi ya nyuzi na kuiita Simple Symphony, yaani simfoni nyepesi, kwa kutumia lahani alizozitunga alipokuwa mtoto. Ni kazi ya kuchangamsha sana. Sehemu yake ya pili hupigwa kwa vidole tangu mwanzo hata mwisho, pinde zimewekwa kando, kwa mwendo wa mbio. Walimu wengi wamedanganywa na neno lile "nyepesi". Wepesi ulikuwa wa mtoto aliyezitunga zile lahani, nao haukukusudiwa kwa mtoto anayejifunza kuzipiga.

Lakini kama ningeambiwa nichague kazi moja tu ya kuuonyesha uchaguzi mwema, ningelichagua Concerto Grosso ya Ralph Vaughan Williams. Chama cha shule za muziki za mashambani Uingereza kilikuwa kikitimiza miaka 21, naye mzee huyu wa miaka 78 akakitungia kazi, ikapigwa London katika Royal Albert Hall mwezi Novemba 1950, Adrian Boult akiongoza. Wapigaji walikuwa kiasi cha 400, na hawakuwa sawa kwa ujuzi. Mtunzi hakuwachuja wala hakuwashusha wote kwenye kimo cha aliye mfupi. Aliwagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mafundi. La pili ni la wale wawezao kuuhamisha mkono hata nafasi ya tatu na kupiga nyuzi mbili kwa pamoja kwa namna iliyo rahisi. La tatu ni la wenye ujuzi mdogo, na humo wamo hata wale wapendao kupiga nyuzi tupu, zisizobanwa kwa kidole chochote.

Fikiri juu ya fungu hili la tatu. Mtu aliyejifunza jambo moja tu, kuvuta upinde juu ya uzi mtupu, amewekewa kiti katika ukumbi mmoja na mafundi, na karatasi yake ni ya kweli. Tena hakufichwa. Sehemu ya pili ya kazi, iitwayo Burlesca Ostinata, imejengwa juu ya sauti za nyuzi tupu zenyewe. Udhaifu wa mwanafunzi umekuwa jiwe la msingi. Naikiri kasoro yake: shule yenye wanaoanza peke yao haiwezi kuipiga, kwa kuwa mafundi wahitajika, na shule nyingi zetu hazina mafundi wa kukopa. Kazi hii si ya kununuliwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Kilicho chema kwetu ni fikira yake, na fikira hiyo haina bei.

Yuko atakayesema kuwa nyuzi tupu zina sauti kali, na kwamba kupiga wote lahani moja ni umaskini. Wasikilize Ikhwani Safaa wa Unguja, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, wakati fidla zote zinapomwitikia mwimbaji kwa lahani moja; kisha uniambie umaskini u wapi. Tena yako jambo ambalo wachapishaji wa mbali hawakulifikiri kwa ajili yetu. Nyimbo nyingi za watu wa Kenya hutumia sauti tano tu katika ngazi yake. Zipange sauti hizo tano juu ya uzi wa D na uzi wa A, na utaona kwamba kidole cha kwanza na cha pili vyatosha. Cha tatu hakiitwi. Mtoto ambaye daraja la jalada lamwona hajafika popote aweza kuupiga wimbo alioimbiwa na nyanya yake, wote, bila kuacha neno. Mwalimu mwenye kalamu na karatasi ya mistari mitano aweza kuuandika jioni moja, na kumpa viola lahani na fidla ya kwanza sauti ndefu, kwa zamu.

Mwalimu wa shule ile alifanya karibu na hivyo. Muhula uliofuata aliwaandikia wanafunzi wake wimbo wa kwao, na chini kabisa ya karatasi akaongeza mstari mmoja wa nyuzi mbili, D na A, wenye mdundo wa kushika wengine wasipotee. Nilikwenda tena nikaketi ubavuni. Mvulana yule alikuwa katika kiti chake cha nyuma. Uzi wake wa A ulikuwa chini kidogo ya sauti ya wenziwe, niliusikia waziwazi.