Mvi, Shamba na Neno Moja: Kuhusu Filamu ya "The Letter"

Kuna dokumentari unaitazama ukiwa umekasirika, unatoka ukumbini ukiwalaani wabaya wake, kisha unaenda zako kulala usingizi mzuri. The Letter (2019), ya Maia Lekow na Christopher King, haikuniachia nafasi hiyo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Karisa, kijana anayeishi mjini, anapata habari kwamba nyanyake mwenye umri wa miaka 95 anaitwa mchawi. Anarudi nyumbani, huku Pwani ya Kenya, kutafuta nani amesema na kwa nini. Kumbe wanaosema si watu wa mbali. Ni damu yake.

Huku Kilifi jambo hili si hadithi. Wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizi, na wapo wanaopaka nywele rangi ili mvi zisionekane. Hebu fikiria: mvi zilizokuwa heshima sasa zimekuwa ushahidi! Sheria ya Uchawi ipo tangu 1925, na bado haijawakinga. Kwa nini? Filamu inajibu polepole: lifunue neno "uchawi" na chini yake utakuta shamba. Mzee akishaondolewa, ardhi inagawanywa. Mahubiri ya kukemea mapepo nayo humpa mwenye tamaa lugha safi ya kumfukuza mzazi wake bila aibu.

Nilichokipenda ni kwamba Karisa haendi kama polisi. Anaketi na jamaa zake, anauliza, anasikiliza. Kamera nayo ina adabu ya mgeni aliyekaa muda mrefu mpaka akasahaulika. Kwa hiyo hata anayetuhumu tunamwona ni mtu, mwenye hofu zake na madeni yake, na hapo ndipo filamu inapouma. Jitu la kutisha ungelichukia tu, basi. Mjomba je?

Lawama yangu ni moja. Ningetaka ikae zaidi kwenye hesabu ya ardhi: nani ana hati, nani atauza, nani ananunua. Bila hayo, mtazamaji wa Nairobi anaweza kusema tu, "Ah, hao watu wa Pwani na ushirikina wao," akanywa chai yake.

Watu husema filamu kama hii huponya jamii. Mimi nasema haiponyi. Inawaketisha watu pamoja, na kidonda hakitibiwi kabla hakijafunuliwa. Kuchaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye tuzo za Oscar ni sifa kubwa, sikatai. Lakini mtihani wake uko kwenye viwanja vya vijijini, kwenye skrini iliyotundikwa mtini, mbele ya mhubiri, chifu, na mwana anayengoja urithi. Akishamtazama bikizee huyo kwa saa nzima na zaidi, akarudi nyumbani akamkuta mamake jikoni, je, lile neno bado litamtoka mdomoni?