Tofauti Inayofundisha: Uhakiki wa Kuunganisha Ukokotoaji na Majaribio ya Spektroskopia katika Kemia-Fizikia ya Shahada ya Kwanza

1.0 Utangulizi

Upimaji wa spektra ya infraredi ya gesi ya kloridi ya hidrojeni ni miongoni mwa majaribio yaliyodumu kwa muda mrefu katika maabara za kemia-fizikia za shahada ya kwanza. Molekuli yenyewe ina atomu mbili tu, na mistari ya spektra yake humwezesha mwanafunzi kupata urefu wa bondi pamoja na ugumu wake. Tangu kompyuta za kawaida zilipopata uwezo ambao zamani ulihitaji mitambo ya vituo vikubwa, jaribio hilo limeongezewa ukokotoaji wa kikwanta: mwanafunzi hupima mtetemo, huiagiza programu ikokotoe mtetemo huohuo, kisha hulinganisha matokeo. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1998, waliyotunukiwa Walter Kohn na John Pople, ilidhihirisha hadhi ya ukokotoaji katika taaluma hiyo. Kwa hiyo, si ajabu kwamba mitaala imeukumbatia.

Makala haya yanahakiki namna muungano huo unavyotekelezwa. Hoja kuu ni kwamba ukokotoaji na upimaji hufundisha kwa pamoja pale tu vinaporuhusiwa kutofautiana, na mwanafunzi akatakiwa kueleza chanzo cha tofauti hiyo. Ukokotoaji ukigeuzwa kuwa ufunguo wa majibu, jaribio hubaki zoezi la kuhakiki namba.

2.0 Namba Mbili Zisizo za Kitu Kimoja

Kitovu cha mtetemo wa kloridi ya hidrojeni, kwa klorini yenye tungamo 35, hupimwa kuwa takribani 2,886 sm⁻¹. Programu nyingi, zikitumiwa kwa njia ya kawaida, hazikokotoi namba hiyo. Huichukulia bondi kama springi kamilifu, ambayo nguvu yake ya kurudi hukua sawia na mvuto. Kama bondi ya molekuli hii ingekuwa springi ya aina hiyo, mtetemo wake ungekuwa takribani 2,991 sm⁻¹. Pengo la 105 halitokani na uzembe wa mwanafunzi wala ubovu wa chombo. Linatokana na bondi yenyewe, ambayo hulegea kadiri inavyovutwa na hatimaye hukatika.

Miongozo mingi huziba pengo hilo kwa kuzidisha matokeo ya programu kwa kizidisho: takribani 0.89 kwa mbinu ya Hartree–Fock yenye besi ndogo, na takribani 0.96 kwa mbinu ya B3LYP yenye besi ya kiwango hicho. Vizidisho hivyo vilipatikana kwa kulinganisha molekuli nyingi, na vina manufaa makubwa kwa mtafiti anayetaka kutambua dutu isiyojulikana. Darasani, hata hivyo, huchanganya katika namba moja upungufu wa aina mbili: ukadirifu wa mbinu katika kushughulikia elektroni, na dhana ya springi kamilifu. Mwanafunzi akizidisha, namba hukaribiana, naye huandika kwamba nadharia imekubaliana na jaribio. Alichokipoteza ni fizikia ya bondi, yaani jambo lenyewe alilokwenda maabara kujifunza.

3.0 Ushahidi wa Deuteri

Udhaifu wa kizidisho huonekana wazi hidrojeni inapobadilishwa kwa deuteri, katika gesi inayoweza kutengenezwa kwa kutumia maji mazito. Kwa mujibu wa ukadirifu wa Born na Oppenheimer wa mwaka 1927, ugumu wa bondi haubadiliki. Kinachobadilika ni tungamo. Kwa hiyo springi kamilifu hutabiri kwamba mtetemo wa kloridi ya deuteri utakuwa 0.717 ya ule wa kloridi ya hidrojeni, yaani takribani 2,070 sm⁻¹. Kipimo huonesha takribani 2,091 sm⁻¹, na uwiano wa 0.725.

Hapa kizidisho hakina msaada, kwa sababu kikizidisha namba zote mbili hujifuta katika uwiano. Chombo nacho hakiwezi kulaumiwa. Spektromita inayotenganisha mistari ya klorini 35 na klorini 37, ambayo hupishana kwa takribani 2 sm⁻¹ katika kloridi ya hidrojeni, haiwezi kukosea kwa 21. Hubaki maelezo mamoja: deuteri, kwa uzito wake, hutetemeka karibu zaidi na chini ya kisima cha nishati, ambako bondi hufanana zaidi na springi. Ndiyo maana pengo lake ni takribani 54 sm⁻¹, karibu nusu ya lile la hidrojeni.

Zaidi ya hayo, vipimo hivyo viwili vinatosha kuunda milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili. Mwanafunzi akiitatua, hupata kutoka katika data yake mwenyewe mtetemo wa springi kamilifu wa takribani 2,990 sm⁻¹. Sasa anaweza kuulinganisha na matokeo ya programu yasiyozidishwa kwa chochote, na tofauti itakayosalia itaihusu mbinu ya ukokotoaji. Huo ndio ulinganisho halali, na hauhitaji kifaa chochote cha ziada.

4.0 Sera: Kompyuta Badala ya Chombo?

Suala hili linawahusu pia wanaopanga bajeti. Programu kama Psi4 hupatikana bila malipo, na molekuli ya atomu mbili hukokotolewa kwa muda mfupi katika kompyuta ya kawaida. Spektromita, kinyume chake, ni ghali na hudai matunzo. Madirisha ya seli ya gesi yaliyotengenezwa kwa chumvi, kama vile kloridi ya sodiamu au bromidi ya potasiamu, hunyonya unyevu na kufifia. Katika hewa ya miji kama Dar es Salaam na Mombasa, kuyahifadhi penye ukavu ni kazi ya kila siku. Kishawishi cha kuacha chombo na kubaki na kompyuta kinaeleweka.

Mfano wa deuteri unaonesha gharama ya uamuzi huo. Programu iliyoachwa peke yake ingetoa uwiano wa 0.717, na hakuna mwanafunzi ambaye angepata sababu ya kuutilia shaka. Pale ambapo chombo hakipo, njia ya kati ni kugawana spektra halisi zilizopimwa katika chuo jirani, pamoja na kumbukumbu za masharti ya upimaji. Njia hiyo haimpi mwanafunzi ustadi wa mikono, lakini humwachia kitu cha kushindana na hesabu yake.

5.0 Lugha ya Kuieleza Tofauti

Kiswahili kina nafasi katika mjadala huu, ingawa masomo ya sayansi katika vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Neno *kosa* hubeba lawama: aliyekosa huomba radhi au hujisahihisha. Tofauti ya 21 sm⁻¹ ikiitwa kosa, mwanafunzi huelekea kuificha. Istilahi zinapaswa kutenganisha *kosa* la mtendaji, *hitilafu* ya chombo, *mashaka* ya kipimo na *tofauti* baina ya kielelezo na uhalisi. Mgawanyo huo ni sehemu ya mbinu ya kisayansi yenyewe, na wanaistilahi wanaweza kuchangia hapa kwa namna isiyoishia katika kutafsiri orodha za maneno.

6.0 Hitimisho

Muungano wa ukokotoaji na spektroskopia unastahili kuendelezwa, kwa masharti matatu: utabiri uandikwe kabla ya kupima, vizidisho viahirishwe hadi maana yake ieleweke, na alama zitolewe kwa maelezo ya tofauti badala ya ukaribu wa namba. Masharti hayo hayaongezi gharama kubwa. Yanachodai ni mwongozo wa maabara uandikwe upya, na msahihishaji awe tayari kumpa alama nzuri mwanafunzi ambaye namba zake mbili hazikulingana lakini alijua kwa nini.