Mkono Mmoja Juu ya Meza

Bagamoyo niliyoiona jioni ile ilikuwa na urefu wa mita mbili na nusu. Bahari ilikuwa kitambaa cha buluu, ufuko ulikuwa mchanga wa kweli uliobandikwa kwa gundi, na minazi ilitengenezwa kwa waya na karatasi. Upande wa bara, katikati ya vichaka vya sponji, lilisimama boma la Abushiri bin Salim, uzio wa vijiti vilivyochongwa ncha kimoja kimoja. Ndani ya boma na mbele yake walipangwa watu wapatao mia mbili, kila mmoja ana kimo cha milimita 28.

Ninasoma shahada ya uzamili ya fasihi katika mji mmoja wa Ujerumani. Mwenye meza ile ni mzee mstaafu ambaye pamoja na wenzake huchezea vita vya zamani kwa visanamu, Alhamisi mara mbili kwa mwezi. Alikuwa amesikia kwa mwanafunzi mwenzangu kwamba ukoo wetu ni wa Pangani, akanialika kwa adabu zote, na chai akaniandalia. Usiku huo walikuwa wanacheza tarehe 8 Mei 1889, siku jeshi la Hermann Wissmann lilipoliteka boma la Abushiri nje ya Bagamoyo. "Upande wa Abushiri ni wako," aliniambia, kama mtu anayekurudishia mwavuli uliousahau kwake.

Ninachoandika hapa ni uhakiki wa mchezo ule. Si desturi yetu kuhakiki michezo ya mezani, lakini huu una wahusika, una mandhari, una mwanzo na mwisho, na kuna mtu aliyeamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe. Maswali hayo nimefundishwa kuyauliza riwaya na tenzi. Sioni kwa nini nisiiulize meza.

Mchezo wenyewe una ukoo mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 19 maofisa wa Prussia walijifunza kuongoza vita kwa mchezo ulioitwa Kriegsspiel. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, akitetea hoja kwamba vita vya namna hiyo ni bora kuliko vile vya watu wazima. Kanuni tulizotumia sisi zinaitwa The Sword and the Flame. Zilitungwa na Mmarekani Larry Brom na kutoka mwaka 1979, mahususi kwa vita vya kikoloni, na wazee wa klabu wamezirekebisha hapa na pale. Askari wa miguu hugawanywa katika vikosi vya watu 20. Karata hufunuliwa moja moja: ikitoka nyekundu, upande mmoja unasogeza kikosi, ikitoka nyeusi, zamu ni ya upande wa pili. Umbali wa kwenda huamuliwa na dadu.

Nianze na sifa, maana zipo. Karata zile zinafanya kitu ambacho vitabu vingi vya historia nilivyosoma vimeshindwa kukifanya. Vitabu husimulia vita hivi kana kwamba mwisho wake ulijulikana tangu asubuhi: Wadachi wana mizinga, watu wa Mrima wana magobori, basi. Mezani mambo hayajulikani. Kikosi ulichokitegemea kinakwama vichakani kwa sababu dadu imetoa moja, na kile ulichokidharau kinafika uzioni. Kwa saa nzima niliamini boma halitaanguka, na nikaelewa kwamba watu waliokuwa ndani yake siku ile huenda nao waliamini hivyo.

Sifa ya pili ni ya brashi. Visanamu vyangu vilikuwa na kanzu, vilemba, na vikoi vyenye mistari iliyochorwa kwa subira ya fundi wa saa. Sikuona uso hata mmoja uliochorwa kwa dhihaka. Kisha nikainama kulitazama jeshi la Wissmann. Maofisa wachache walikuwa weupe. Waliobaki walikuwa weusi kama wangu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: Wasudani karibu 600 walioandikishwa Misri, na kundi la watu wa Msumbiji ambao Wadachi waliwaita Wazulu. Mzee aliniambia, bila kukusudia lolote, kwamba pande zote mbili alizipaka kwa kichupa kimoja cha rangi ya kahawia. Nilikaa na sentensi hiyo kuliko alivyodhani.

Mchezo wa kwanza nilishindwa. Tukabadilishana pande, kwa kuwa ndiyo desturi yao, nikawa Wissmann. Nikashinda. Karata yangu ilipotoka kwa mara ya tatu mfululizo na Wasudani wangu wakaingia bomani, nilipiga meza kwa kiganja nikasema, "Safi!" Nilisema kwa Kiswahili.

Kwenye tramu ya kurudi nilikuwa na aibu. Jibu la haraka lilikuwa kwamba nimewasaliti wazee wangu. Lakini kila nilipolitafakari niliona halitoshi. Sikuwa nimefurahia ushindi wa Wadachi. Nilikuwa nimefurahia mkono wangu. Katika mchezo ule kila upande una mkono mmoja unaoshuka kutoka juu, unaojua kila kitu kilipo na unaotaka jambo moja tu. Mkono wa Abushiri na mkono wa Wissmann haukuwa na tofauti yoyote isipokuwa aina ya bunduki. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuhama upande na kuendelea kufurahi.

Hapo ndipo mchezo unaposema uongo, na ni uongo mkubwa kuliko kosa lolote la sare au silaha. Jeshi la Wissmann lilikuwa na mkono mmoja kweli. Bunge la Ujerumani lilikuwa limeidhinisha marki milioni 2 mwezi Januari 1889, na mtu mmoja akapewa amri. Upande wa pili haukuwa hivyo kamwe.

Rudi nyuma mwaka mmoja hivi kabla ya meza yetu. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani, forodha zikiwamo, kwa miaka 50. Agosti kampuni ikaanza kazi, na Pangani akawekwa Emil von Zelewski. Akataka bendera ya kampuni ipandishwe pamoja na ya Sultani, liwali akakataa, wakaletwa askari wa manowari. Siku zilikuwa za Idi Kubwa, na inasimuliwa kwamba waliingia msikitini na viatu vyao na mbwa. Mji ukachafuka. Lakini mji ni nani? Kulikuwa na Waarabu wenye mashamba ya miwa waliohofia ardhi na madeni yao. Kulikuwa na majumbe waliohofia ada na heshima zao. Kulikuwa na wapagazi wa misafara ya bara, vijana wa mjini, vibarua, na watumwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, anaonyesha kwamba makundi haya hayakutaka kitu kimoja, na kwamba Abushiri mara nyingi alikuwa akiukimbilia umati ili auongoze. Wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann walipokamatwa eneo lile, aliwaachia baada ya kulipwa fidia. Alikuwa mtu wa mashauri na hesabu, na si kila mtu aliyemfuata alizitaka hesabu hizo.

Wadachi hawakuweza kuupigania umati wa namna hii kwenye magazeti, kwa hiyo waliupa jina: uasi wa Waarabu. Jina hilo lilisaidia kupata zile marki, kwa kuwa vita viliuzwa kama vita dhidi ya biashara ya watumwa. Kwenye masanduku ya mzee, visanamu vyangu pia viliandikwa "Waarabu". Nisimlaumu peke yake. Nasi shuleni tulifundishwa "vita vya Abushiri", tukakariri kwamba alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na tukaandika kwenye mtihani kwamba Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupambana hadi 1890. Majina mawili, mikono miwili. Na katika rasimu ya sura ya pili ya tasnifu yangu mwenyewe nilikuta sentensi inayoanza hivi: "Waswahili waliamua kupinga." Niliandika hivyo kwa mkono wangu mmoja.

Tunao mfano mwingine wa kuvipanga vita hivi, nao ni wa zamani kuliko meza hii. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanazuoni wa Mrima, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, ambao jina lake linataja mwaka wa Hijria 1307. Ukiusoma baada ya kucheza, unashangaa jinsi mapigano yanavyogawana nafasi na maneno: ujumbe unakwenda, barua zinarudi, watu wanakaa shauri. Hemedi alijua kwamba vita huanza kabla ya risasi, pale watu wanapoulizana kama wako pamoja. Lakini hata yeye ana upande wake wa kusimama, nao ni upande wa wenye kualikwa barazani.

Jumapili nilimpigia bibi simu Pangani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko baridi bado?"

Nikamweleza mchezo: boma, visanamu, karata. Alisikiliza bila kunikatiza, nikadhani mtandao umekatika.

"Vita vile ndivyo mnavyovichezea?"

"Ndiyo, bibi."

"Na watu wa shamba mmewaweka?"

Sikuelewa. Nyumbani kwetu tumekua tukiambiwa kwamba wazee wetu walimpinga Mdachi, na mimi nilikuja Ulaya na hadithi hiyo kama kitambulisho. Bibi akasema wazee wetu walikuwa watu wa shamba la miwa, na kwamba mama yake hakupenda liulizwe lilikuwa shamba la nani. Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa Pangani. "Sikwambii lilikuwa lake," alisema bibi. "Nakwambia hatukuwa wenye shamba." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Basi kisanamu changu ni kipi? Ningeweza kuwa nimetoka kwa mtu aliyepigana kando ya bwana wake kwa sababu mji wake umetukanwa. Ningeweza kuwa nimetoka kwa mtu aliyengoja wenye bunduki wageuze uso, akakimbia. Wote wawili walikuwa Pangani, wote wawili walikuwa na sababu, na kanuni za mezani hazina karata ya yeyote kati yao. Mtu anayeondoka huhesabiwa kama aliyevunjika moyo. Hutolewa mezani na kurudishwa sandukuni.

Nilimwomba mzee tucheze mara ya tatu: Pangani badala ya Bagamoyo, Septemba 1888 badala ya Mei 1889, na upande wa mji uwe na wachezaji watano badala ya mmoja, kila mmoja na haja yake kwenye kikaratasi ambacho wenzake hawakioni. Alisita, akakubali. Mwenye mashamba alikuwa fundi wa meno. Jumbe alikuwa mwalimu. Abushiri alikuwa kijana wa chuo aliyesoma kidogo na kujiamini sana, jambo ambalo pengine halikuwa kosa. Mpagazi mkuu alikuwa dereva wa basi. Mimi nilichagua kwenye sanduku la misafara visanamu kumi visivyo na silaha, nikawaweka nyuma ya nyumba ya mwenye mashamba.

Tulibishana kwa saa mbili. Jumbe alitaka kumwandikia Sultani barua. Mpagazi mkuu alitaka kuchoma forodha kwanza. Abushiri alitoa amri tatu na hakuna iliyotekelezwa. Mzee, aliyekuwa Zelewski peke yake kwenye nyumba ya kampuni, alilalamika kwamba huu si mchezo, ni mkutano. Kama mchezo, alikuwa na haki: ulikuwa mzito, hauna mpangilio, na wawili walianza kutazama saa. Kama masimulizi ya Pangani ya mwaka ule, sijaona lililo karibu zaidi na ukweli.

Katika mzunguko wa nne karata yangu ilitoka. Abushiri akaniagiza nilete watu wangu kumi ufukweni, kuna mashua ya Wadachi inakuja. Nilishika dadu, nikapata tisa. Nikawasogeza inchi tisa kuelekea bara, hadi ukingo wa meza, nikawatoa.

"Wamevunjika moyo," alisema Abushiri.

"Hapana," nilisema. "Wameondoka."

Mzee alifungua kitabu cha kanuni akatafuta tofauti ya mambo hayo mawili. Alipindua kurasa kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani, akachukua penseli, akaniuliza niandike nini pembeni.