Jicho na Akrabu

Aghalabu wapenzi wa mashairi huikimbilia soneti ya 116 ya Shakespeare watakapo ushahidi wa penzi lisilobadilika. Mimi, baada ya miaka mingi ya kuzipapasa soneti hizi kwa kamusi bila ya mwalimu, nimehamia kwenye ya 104. Zote mbili zimo katika kitabu kimoja, kilichochapwa London mwaka 1609. Lakini ile yatoa hukumu, na hii yatazama uso wa mtu.

Kisa chake ni chepesi. Mshairi amwambia rafikiye kwamba machoni pake hatazeeka abadani. Miaka mitatu imepita tangu jicho lake limwangukie mara ya kwanza, misitu imepukutika mara tatu, na uzuri ungali ule ule. Sisi watu wa kusi na kaskazi hatuna msimu wa kuivua nguo misitu mizima. Niliwahi kutia masika mahali pake, nikafuta: mvua zetu huotesha.

Utamu wa utungo huu uko kwenye mshororo wa tisa, mshairi anapojitilia shaka. Uzuri, asema, ni kama akrabu ya saa: yanyemelea, na hapana aionaye ikienda. Hapa Kiswahili kilinipa nisichokiomba, kwani akrabu kwa Waarabu ni nge. Basi huenda uso wa mpendwa nao wasogea, na jicho limtazamalo ndilo lidanganyikalo.

Wapo waonao kuwa ungamo hili ladhoofisha penzi. Siafiki. Aliyesafiri miaka mitatu akirudi huiona akrabu ilipofika. Asiyeiona ni yule aliyekaa nawe kutwa kucha. Upofu huo ni wa ukaribu, na haupatikani kwa siku moja. (Mke wangu, nimwambiapo hajabadilika, huniuliza miwani yangu nimeiweka wapi.)

Mishororo miwili ya mwisho haina faraja. Mshairi hadai, kama katika soneti ya 18, kwamba shairi litamhifadhi mpendwa. Awageukia wasiozaliwa bado na kuwaarifu kuwa kiangazi cha uzuri kilikufa kabla yao. Neno hilo kiangazi lingali lanisumbua. Kwake ni msimu wa maua. Kwetu ni jua kali na visima kukauka. Nimeliandika na kulifuta mara nne, na katika daftari langu mahali pale pangali patupu.