Chokaa ya Mtoni

Ufukweni, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, zimesimama kuta za Mtoni, kasri kongwe kuliko yote kisiwani. Sayyid Said bin Sultan alilijenga kati ya 1828 na 1834, na humo akazaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Kumbukumbu za Salme, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, zinasimulia ua wenye tausi na swala, mabafu, na Benjile, ukumbi wa mbao ulioelekea bahari, ambamo baba yake alikunywa kahawa na watu wake. Masultani wameandikwa vya kutosha. Mimi nawasifu waashi.

Kazi yao ilianza kwa moto. Matumbawe yalirundikwa juu ya kuni, yakachomwa mpaka yakawa chokaa, ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae. Asiye na subira hakuiweza kazi hii. Ukuta ulipanda kwa mawe na chokaa, mnene kiasi cha kuzuia jua la mchana lisiingie ndani. Juu zililazwa boriti za mikoko, kisha mawe, kisha zege la chokaa lililopigwapigwa kwa magongo hadi likashikana. Boriti haizidi sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya majumba haya ni virefu na vyembamba, hata vya mfalme. Mkoko ndio uliopima, na fundi akautii kwa adabu. Mtindo wa kasri ulikuwa wa Kiomani, lakini ufundi huu ulikuwa wa pwani yetu: Husuni Kubwa ya Kilwa ilijengwa kwa matumbawe na chokaa karne tano kabla.

Katika Unguja ya wakati ule, kazi za sulubu zilifanywa na watumwa. Siwezi kuusifu ukuta bila kuikumbuka mikono hiyo, ambayo haikulipwa wala kutajwa.

Said alifariki 1856, kasri likaanza kuchakaa, na moto wa 1914 ukaliteketeza sehemu kubwa. Kuta zilizobaki zinapumua: unyevu huingia na kutoka kwenye chokaa. Saruji huufungia unyevu ndani, jiwe likamomonyoka nyuma ya lipu inayong'aa. Wenye nyumba za mawe, Unguja, Lamu na Mombasa, nawasihi: mkitengeneza, tafuteni fundi anayejua chokaa, na mpeni kijana wa kujifunza kwake.