Tafsida isimnyime mtoto neno la kujilinda

Kuna vitabu vidogo vya picha ambavyo kazi yake ni kumfunza mtoto mchanga wa shule kwamba mwili wake ni wake, kwamba anaweza kusema hapana, na kwamba akiguswa vibaya amwambie mtu mzima anayemwamini. Huko Hawaii, vitabu vya aina hii huandikwa pia kwa lugha mbili, Kihawaii na Kiingereza. Leo sihakiki kitabu kimoja. Ninaihakiki aina yenyewe, na kipimo changu ni cha lugha. Hoja yangu ni kwamba vitabu hivi husimama au huanguka kwenye tafsiri, kwa sababu mtoto hawezi kushtakia jambo asilo na neno la kulitaja.

Tuanze na historia fupi. Mwaka 1896 sheria iliifanya lugha ya Kiingereza kuwa ndiyo ya kufundishia shuleni Hawaii. Watoto walioteleza wakazungumza Kihawaii waliadhibiwa, kama ambavyo wengi wa rika langu hapa Kenya walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Katiba ya jimbo ilipokitambua Kihawaii kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza mwaka 1978, watoto waliokimudu walikuwa wachache mno. Ndipo mwaka 1983 likaundwa shirika la ʻAha Pūnana Leo, ambalo lilianza kufungua shule za chekechea za Kihawaii mwaka uliofuata. Pūnana leo maana yake ni kiota cha sauti.

Historia hii inaeleza kwa nini lugha mbili kitabuni si pambo. Wazazi wengi wanaowapeleka watoto katika viota hivyo wamejifunza Kihawaii ukubwani. Isitoshe, mtoto akidhurika ana wasikilizaji wa aina mbili: bibi yake nyumbani, na daktari au polisi ambaye huenda anajua Kiingereza tu. Anahitaji neno lilelile katika lugha zote mbili. Kitabu kinachotumia Kihawaii kwa mambo matamu kama samaki, upinde wa mvua na bibi, kisha kikahamia Kiingereza kinapofika kwenye viungo vya uzazi, kinamfunza mtoto kwamba lugha ya kwao haisemi machungu. Hilo ni kosa la kwanza la kuepuka.

Sasa tutazame maneno yenyewe. Kihawaii kina neno maʻi. Linamaanisha sehemu za uzazi, na pia linamaanisha ugonjwa. Mtoto akilitumia kueleza yaliyompata, msikilizaji mzembe anaweza kudhani ana homa. Tena kile kialama kinachofanana na koma ya juu ni konsonanti kamili. Kiondoe, upate mai, neno ambalo likitangulia kitenzi hukataza, kama 'usi-' yetu. Kwa hiyo mchapishaji anayeona alama hiyo ni usumbufu anaweza kuchanganya katazo na kiungo kinacholindwa. Katika kitabu cha hadithi hilo lingekuwa dosari ya uhariri. Katika kitabu cha usalama, linagusa kiini cha somo.

Je, kuvitaja viungo hivi ni kuvunja desturi? Wahawaii wana jibu lao. Wana utanzu wa jadi uitwao mele maʻi, nyimbo za kusifu viungo vya uzazi, zilizotungwa hasa kwa ajili ya watoto wa ukoo wa wakuu ili uzao wao uendelee. Mfalme Kalākaua, aliyefariki mwaka 1891, alikuwa na wimbo wake. Haya ya kuvitaja iliimarishwa na mafundisho ya wamishonari waliofika visiwani humo mwaka 1820. Basi mwandishi anayevitaja kwa heshima haigi ugeni wowote. Anarejea katika mapokeo ambamo kiungo kilitajwa kwa sababu kilithaminiwa.

Lipo pia jambo la kisarufi linalonivutia zaidi. Kihawaii hugawa umiliki katika makundi mawili. Kile ulichokipata, ulichokitenda au ulichokizaa huchukua umbo moja: kaʻu keiki, mtoto wangu. Kile kilicho sehemu ya kuwapo kwako huchukua jingine: koʻu kino, mwili wangu. Kiswahili hakitofautishi hapa. Mtoto ni wangu, mwili ni wangu. Kiingereza nacho kina neno moja tu kwa yote. Lakini katika Kihawaii, mzazi anaweza kumwita mtoto kaʻu na mtoto akajibu kwamba mwili ni koʻu, na sarufi yenyewe ikaonyesha kwamba umiliki wa mzazi haufiki kwenye mwili wa mwanawe. Mwandishi anayetunga kwa Kiingereza kwanza, kisha akatafuta mfasiri, ataipata sarufi sahihi bila kuutumia utajiri huu. Ndiyo maana ninashikilia kwamba vitabu hivi vitungwe kwa Kihawaii, halafu Kiingereza kifuate.

Kipimo cha mwisho ni neno la kumtaja mtu wa kuogopwa. Vitabu vingi vya Kiingereza vya zamani vilimwonya mtoto dhidi ya mtu asiyemjua. Kihawaii kina malihini, lakini malihini ni mgeni anayestahili kukaribishwa. Hata sisi, neno mgeni humtaja asiyejulikana na anayechinjiwa kuku. Ukitafsiri onyo hilo neno kwa neno, unamfunza mtoto kuogopa ukarimu wa kwao. Na bado hujamlinda, kwa maana watoto wengi wanaodhulumiwa hudhulumiwa na watu wanaowajua. Hawaii kila mwanamume wa makamo ni ʻanakala, yaani mjomba, na salamu huambatana na kukumbatiana. Kitabu kizuri kitathubutu kumtaja ʻanakala, kisha kimpe mtoto namna nyingine ya kuamkia ambayo haimlazimu kukumbatiwa.

Na sisi je? Tumezoea kusema 'sehemu za siri'. Ni tafsida ya adabu, lakini hebu isikilize kwa masikio ya mtoto wa miaka minne. Asubuhi mwalimu anamwambia hizi ni sehemu zako za siri. Mchana anamwambia mtu mzima akikutaka uweke siri, usikubali, sema. Atii lipi? Kiswahili kina neno faragha, ambalo halimfungi mdomo mtu yeyote. Kina uume na uke, maneno sanifu yaliyomo kamusini. Hayo si matusi.

Mahakama zetu zimezoea kumsikia mtoto akisema, "Alinifanyia tabia mbaya," na zimekuwa zikikubali kwamba mtoto huzungumza kwa tafsida. Hiyo ni busara ya mahakama. Lakini kabla ya kesi kufika huko, mtoto huyo alimwambia mtu fulani jambo lilelile. Nyumbani kwetu, tabia mbaya ni pia kulamba sukari na kumpiga mdogo wako. Ni wangapi walisema wakajibiwa waache kusengenya wenzao?

Siitupi tafsida. Nimeifundisha miaka mingi, na lugha isiyo nayo ni lugha isiyo na staha. Lakini tafsida ni ya watu ambao tayari wanalijua neno linalositiriwa. Mtoto hafahamu kilicho chini ya pazia. Mpe neno kwanza, kisha mfunze mahali pa kulitumia na pa kulisitiri. Waandishi na wachapishaji wetu wa vitabu vya chekechea wanaweza kuanza na hilo moja tu: waandike 'faragha' palipo na 'siri', na karibu na mchoro wa mwili waweke majina yote, kuanzia kichwa hadi kidole cha mguu, bila kuruka katikati.