Masanga kwa vidole viwili

Vijana wengi wa Kasaji wanajifunza gita kwa kuangalia vidole vya mwenzao. Njo maana wanapiga «Masanga» bila kosa, lakini haichezeki. Sikiliza ile Hugh Tracey aliirekodi Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952: Mwenda Jean-Bosco anatumia kidole gumba na cha shahada tu. Gumba linatembea chini, cha shahada kinaimba juu, na kila kimoja kinangoja mwenzake. Mpigaji wa cisanji, likembe ya Wachokwe wa kwetu, anajua: anaimba kwa mdomo kwanza, halafu vidole gumba vinautafuta wimbo. Kama mdomo haujaupata, vidole vitautoa wapi? Minasema hivi kwa sababu mimi pia nilianza na vidole. Miaka miwili nilipiga nyimbo za wengine. Wangu ulibaki kichwani.